Kwetu Hatuhesabiwi

Kitabu chetu cha kusomea cha darasa la pili, pale Karatu, kilikuwa na picha ya familia moja niliyoichukia tangu siku ya kwanza. Baba ameketi kitini, mama anapika, watoto wawili wanamtazama paka. Kitabu kizima hakuna aliyewahi kufunga mzigo wala kuulizwa katoka wapi. Chini ya picha paliandikwa: Kwenu mko wangapi?

Mwalimu alitaka kila mtoto aandike jibu humohumo kitabuni. Wenzangu wakaandika saba, wakaandika tisa, wakatoka kucheza. Mimi nikaacha nafasi wazi.

Sisi Wamasai hatuhesabu watoto wetu, wala mifugo. Kumhesabu mtu ni kumwitia balaa. Ng'ombe wakirudi jioni, baba yangu alisimama tu langoni mwa boma akiwatazama wakipita, na kama mmoja hayupo alimjua ni yupi. Kisha mwaka 1959, tulipokuwa tunahamishwa kutoka Serengeti ili iachiwe wanyamapori, wakaja watu wa serikali na karatasi, wakatunyooshea kidole mmoja mmoja na kuandika. Hatukukaa pamoja tena. Mama alipanda Ngorongoro, bibi akaenda Arash kwa ndugu zake, kaka akapelekwa Ololosokwan na ng'ombe. Mimi nikaachwa Karatu, kwa mwenye duka aliyenunua ngozi za baba, ili nisome. Kwa akili yangu ya kitoto, kalamu ile ndiyo iliyotutawanya. Akili hiyo sijaibadilisha sana.

Mwalimu alisema asiyejibu hadi Ijumaa hatapanda darasa la tatu. Aliniona mkaidi, na kweli nilikuwa mkaidi, ila niliogopa pia. Baba aligombana na ndugu zake wote ili niletwe shule. Kama ningeshindwa kupanda, angenirudisha nyumbani, na nisingekanyaga darasani tena.

"Andika yoyote, mwanangu," mke wa mwenye duka aliniambia, akinimiminia chai. "Andika kumi, yaishe."

Nilimkasirikia, na chai yake nikainywa.

Ijumaa nilichukua penseli nikaijaza ile nafasi. Ilipojaa nikapanda juu ya picha yenyewe, nikaandika kwenye kiti cha yule baba, kwenye jiko, hadi chini ya paka. Mama yuko Ngorongoro, anajenga nyumba nyingine. Mdogo wangu yuko mgongoni kwake, sijamwona bado. Baba yuko njiani, anatuzungukia. Kaka yuko Ololosokwan na ng'ombe. Bibi yuko Arash, anakohoa. Mimi niko hapa.

Kuchafua kitabu cha shule lilikuwa kosa kubwa. Mwalimu alikitwaa, akaanza kuwasomea wenzangu ili wacheke, nao wakacheka vizuri tu. Akamsoma mama, mdogo wangu, baba, kaka, kisha akafika kwangu na kukifunga.

"Mwalimu, umemwacha bibi," nikasema.

Hakuna aliyekuwa amewahi kumsahihisha mwalimu. Alikifungua tena, akatafuta, akamwona bibi amebanwa chini ya miguu ya paka.

"Umejuaje," akaniuliza, "nawe hukuhesabu?"

"Kwa sababu hayupo."

Kisha akanichapa fimbo mbili kwa ajili ya kitabu, wala hakuniuliza idadi tena. Januari nilikaa darasa la tatu, dawati la mbele.

Sasa nami ninaandika vitabu vya watoto, vya watoto waliohamishwa na wanaohamishwa hadi leo. Wahariri hawakosi kuniuliza waliohama walikuwa wangapi, waweke idadi nyuma ya jalada. Huwa nawapa mama anayejenga, kaka na ng'ombe wake. Idadi hawaipati, na wakinuna wanune.

Bibi alifia Arash kabla hatujaonana. Katika kila kitabu changu namweka ukurasa wa kwanza, peke yake, pasipo na wa kumruka.