Moyo Uliokaa Kulia

Siku moja naikumbuka kuliko hata ya harusi yangu, mwanangu. Nilikuwa mwari, nimewekwa ndani kwetu Mlandege, na Bi Salama, somo yangu anayenifunda, ananisinga mwili kwa liwa ya manukia. Mkono wake ukapita chini ya titi la kushoto, ukasimama. Akabonyeza. Akanitazama usoni kama anayehakikisha ninapumua, kisha akauhamishia kulia, na huko moyo wangu ukampiga kiganjani.

Mama alikuwa mlangoni na chetezo cha udi. "Nnajua tangu yu mchanga," akamwambia taratibu. "Wakwe wakisikia, watasema ana jini."

Siri ya mwari haitoki chumbani. Ndiyo mila yetu, na nusura initie kaburini.

Kesho yake tumbo likanikamata chini, upande wa kushoto. Homa, matapishi, kuta zinanizunguka. Mama alinifukiza kwanza, ndipo tukaenda hospitali, Bi Salama akiwa nasi. Daktari, kijana mpole, akabonyeza kulia, nisihisi kitu. Akabonyeza kushoto, nikalia.

"Ingekuwa kulia ningesema kidole tumbo," akasema. "Mama, kuna jambo la mwili wake nisilolijua?"

"Hakuna," mama akajibu.

Nilimsikia. Nilitaka kusema, lakini woga ulinifunga ulimi. Nikahisi ninazikwa, na anayenizika ananipenda.

Bi Salama akajitanda vizuri buibui lake. "Mficha uchi hazai, shoga yangu," akamwambia mama. Kisha akamgeukia daktari: "Moyo wa mtoto huyu uko kulia. Nimeugusa mwenyewe."

Daktari akasikiliza kifua changu upande wa kushoto, muda mrefu. Aliniambia baadaye aliusikia kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya pili. Alipohamia kulia, uso ulimbadilika. Akatueleza kwamba wako watu walioumbwa hivyo: cha kulia kwa wengine, kwao kiko kushoto, matumbo na yote. Nikapasuliwa kushoto, na kidole tumbo kikatolewa kabla hakijapasuka.

Mwanangu, mfiche jirani, mfiche na wakwe ukitaka, lakini tabibu usimfiche. Mficha maradhi kilio kitamfichua. Simlaumu mama, mapenzi nayo huua. Nakueleza haya leo kwa sababu asubuhi, nilipokuwa namwosha mwanao, mkono wangu ulisimama kifuani pake, kama wa Bi Salama siku ile. Usiwashe udi. Mvike nguo twende kwa daktari, ukamwambie kwa kinywa chako. Mungu akupe ulimi usioogopa, na mjukuu wangu ampe umri kuupita wangu.