Saa Nne ya Mashine

Siku yangu ya kwanza kazini Kigoma, kwenye shirika la kusafirisha mizigo, Meneja wa Tawi alinionyesha skrini nne na foleni iliyoanzia dirishani ikatoka hadi nje ya geti. "Fundi, hawa wote wanasubiri hati za mizigo. Ukinipunguzia foleni hii, pepo utaiona." Nikacheka. Sikujua nacheka nini.

Vijana wa leo mnabonyeza tu, grafu inajichora. Sisi wapi! Kompyuta kuu, moja kwa matawi yote, ilikuwa Dar es Salaam, nasi tukiifikia kwa waya. Kila tawi lilikatiwa fungu la nguvu zake, mara moja kwa mwaka, na Mpangaji wa Uwezo, bwana wa makao makuu asiyejua foleni ila takwimu. Takwimu zenyewe zilikuwa tumboni mwa mashine: kila kazi iliyopita iliacha kumbukumbu, imeandikwa kwa mafumbo yake. Mimi niliandika programu ya kuzichopoa, kuzijumlisha saa kwa saa, na kumpelekea.

"Chopoa saa nne mpaka saa sita," Meneja aliagiza. "Hapo ndipo tunapoumia."

Nikaandika 04 mpaka 06. Mtoto wa mtaa wa Rusimbi mimi, saa nne ni saa nne! Kumbe mashine inahesabu tangu usiku wa manane. Saa nne yake hata mlinzi wetu anakoroma. Miezi mitatu nilituma usingizi wa tawi zima, tena nikausaini.

Mpangaji akapiga simu: "Tawi lenu halina kazi. Nimewapunguzia nusu."

Masika yakaingia, skrini zikawa zinaganda. Bi Mwamvita, mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi, alisimama dirishani siku tatu, magunia yake yananyeshewa uani. "Mwanangu, hiyo mashine yenu inataka nini, itambikiwe?" Dagaa wote wakaota ukungu. Alilia mbele yangu, mtu mzima yule.

Ndipo nikafungua programu yangu na kuiona ile 04. Nilijitukana kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Kiha. Meneja alishika kichwa: "Yaani wewe! Hata saa?" Tukachopoa upya, 10 mpaka 12, takwimu zikapaa. Mpangaji akasema, "Nzuri sana. Ila mpango umeshapitishwa. Mwakani." Mwakani! Kosa la tarakimu mbili, dawa yake mwaka mzima.

Mwaka uliofuata fungu likarudi, na nyongeza juu. Nikasifiwa mimi. Siku yangu ya kustaafu, Bi Mwamvita alikuja na kapu la dagaa, akasimama mbele ya watu: "Huyu ndiye aliyetupigania." Nikapokea kapu, nikala pilau.

Vijana, mkichopoa takwimu, ulizeni kwanza ni saa ya nani. Mimi sikuuliza, na hadi leo tukikutana Kibirizi bibi yule ananiita mkombozi, neno linaloniuma kuliko tusi. Macho yake hayasomi tena, mjukuu wake ndiye humsomea ninayoandika. Basi mjukuu, msomee polepole hapa: magunia yale niliyalowesha mimi.