Kitanda Kilichobaki Wazi Bwenini

Kalista anafundisha darasa la tatu kijijini Pito. Ana sanduku la bati lenye mkono mmoja. Wa pili ulikatika mwaka 1974, siku alipohama kutoka mtaa wa Chanji. Mtu akimwuliza habari za sanduku hilo husimulia yote, ila huku anatazama pembeni.

Mwaka huo alikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu mjini Sumbawanga. Bweni la wasichana lilikuwa na vitanda ishirini na vinne, bomba moja, na sheria waliyojiwekea wenyewe: chakula kinachotoka nyumbani kinaingia kwenye pipa la wote. Mara tatu Kalista aliona kiroba cha unga wa ulezi kutoka kwa mama yake kikiisha kwa wiki moja. Muhula wa pili akaomba kuishi nje, akidai kelele zinamzuia kusoma. Bi Kulsumu, mwenye duka Chanji, akampa chumba cha uani ili awafundishe wanawe hesabu. Kilikuwa na dirisha, meza na kufuli.

Nyumbani hakusema. Barua zake ziliendelea kulisifu bweni.

Jumamosi moja asubuhi mama yake, Cornelia, alifika mjini kwa miguu, kiroba kichwani, akaenda moja kwa moja bwenini. Kiranja, Zita, hakumwambia kwamba Kalista amehama. Alimkalisha kwenye kitanda cha Kalista, ambacho bado kilikuwa wazi, kisha akamtuma msichana mmoja mbio Chanji.

Kalista alikuta kiroba kimeshakunjwa, mama anacheka na wasichana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unga nimemimina kwenye pipa lenu. Hawa wananidai pombe ya ulezi, nimewaambia walimu hawalewi kabla ya mshahara!" Wakacheka. "Lakini kitanda chako hakina hata shuka. Sanduku liko wapi?"



"Tumeanika vitu vyake juani, mama," Zita akawahi. "Kunguni."

Tusi lingemuuma kidogo kuliko uongo ule, anasema Kalista. Aliowakimbia kwa ajili ya unga ndio waliokuwa wakimsitiri.

"Hapana, mama. Nilihama. Sikutaka kula nao unga wako."

Cornelia alimtazama. "Mimi nimekaa hapa nawaita wanangu," akasema. Akajifunga kanga upya. "Kalete sanduku."

Zita alikwenda na Kalista hadi Chanji. Bi Kulsumu alisimama mlangoni pa duka.

"Mwalimu, huku una mlango wako. Kule utafunga nini?"

Kalista akampita, akaingia chumbani. Alipovuta sanduku kutoka uvunguni, nyuma yake vilionekana viroba viwili ambavyo mama alimtumia chuoni tangu ahame, unga umeshikana mabonge, umeota ukungu. Mdomo mmoja haukuweza kuumaliza.

Zita aliviona. Akainama, akashika mkono wa sanduku.

"Shika huko," akasema.

Njiani mkono wa upande wa Kalista ukakatika. Akalikumbatia sanduku hivyo hivyo, Zita akishika upande wake, mpaka bwenini.