Kiroba Nyuma ya Kiti

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na nikiikumbuka leo hasira zinanipanda upya. Jana ulinijibu kwenye simu kwamba kiwanda kikiandika uzito wa mwisho ambao ndege inaweza kubeba huwa kimeacha nafasi kidogo, kwa hiyo Jumamosi, harusi ya dada yako, utairusha ndege yako na kupindukapinduka angani, zawadi za shangazi zako zikiwa nyuma ya kiti. Nani kakwambia nafasi hiyo ni yako?

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa urubani. Mwalimu wangu, Bi Mwanaidi, alinileta na kindege cha watu wawili kwenye kiwanja cha vumbi hapa Kibiti, ili ndugu zangu watuone tukipinduka kabla ya kurudi Dar. Nawe unatujua Warufiji, mgeni kwetu haondoki mikono mitupu. Shangazi yangu akaja na kiroba cha mchele mpya wa bondeni. Mwalimu akakikataa kwa adabu. Shangazi akanuna, na tulipokuwa tunaagana na wazee akakichomeka nyuma ya viti. Mapenzi gani hayo ya kutuzika!

Kabla ya kuwasha injini, Bi Mwanaidi alipapasa nyuma kwa mkono, kama kawaida yake. Akakitoa.

"Mama, tukizunguka huko juu, kiroba hiki kitakuwa kizito mara nne. Tena kitavuta mkia. Ndege ikianza kuzunguka kama pia, sitaweza kuitoa kwenye mzunguko huo."

"Kiroba kimoja tu, mwanangu! Watu watanisemaje?"

"Nafasi iliyoachwa ni ya upepo na ya makosa yetu. Ukiijaza mchele, tukikosea nitamrudishaje mwanao?"

Shangazi akakichukua kiroba, akaenda kuinjika sufuria. Na huko juu nilikosea kweli. Nilivuta usukani kwa pupa, ndege ikatetemeka, mwalimu akaninyang'anya. Nafasi ile ile ndiyo iliyotushusha salama.

Sasa wewe unataka kuijaza samaki wakavu wa shangazi zako! Sikiliza. Ndege hiyo hiyo ina kikomo cha uzito cha kusafiri na kikomo kidogo zaidi cha kupinduka. Pima mafuta, jipime, mpime na mwenzio utakayeruka naye, nyuma pabaki patupu. Hesabu ikigusa kikomo, ruka taratibu tu bila kupinduka, harusi haitavunjika. Zawadi zisafiri kwa basi.

Mola akupandishe na akili zako, akushushe mzima, uukute wali ungali wa moto.