Zamu ya Maji Ndani ya Siku Thelathini

Siku ile tulikuwa sita katika ofisi ya kitongoji, juu kidogo ya Tengeru: mimi na wadogo zangu wawili, mzee aliyekuwa anatuuzia shamba, mkewe, na mwenyekiti aliyeandika mkataba. Wazazi wetu walishatangulia mbele ya haki, ndiyo maana niliacha shule darasa la sita nikaanza kuuza mboga sokoni. Pesa ya shamba ilitokana na miaka mingi ya mchicha na nyanya.

Kabla ya kutia sahihi niliomba sharti moja liongezwe: mauziano yatakamilika tu nikipewa zamu ya maji ya mfereji ndani ya siku thelathini; la sivyo, mzee arudishe pesa yote. Bila maji hakuna mboga.

"Binti, mfereji unapita mlangoni," mzee alisema. "Unataka na maji yatie sahihi?"

Tulicheka wote, lakini sharti likaandikwa naye akatia sahihi.

Kumbe mwenyewe hakuwa na zamu. Kamati ya mfereji iliniambia kwamba aligombana nao zamani, akaapa hatawashikia jembe, na sasa alikuwa anadaiwa siku tisa za kusafisha mfereji. Mpaka zilipwe, shamba lile halipati maji. Nilikwenda kumweleza nikiwa na hofu, maana pesa yetu ilishalipia upasuaji wa mkewe. Hakubisha. Alikiri kwamba alinificha, akaomba radhi mbele ya wadogo zangu, mtu wa umri wa babu yetu.

Asubuhi yake alikuwa ndani ya mfereji, suruali imekunjwa magotini, akizoa tope. Waliokuwa wakipita kwenda shambani walimtania kwamba leo kiapo kimelowa. Aliitikia salamu zao, akaendelea. Tulipomfuata na majembe alitukatalia.

"Mkataba unasema mpewe maji. Hausemi myachimbe."

Tukabaki kumpelekea uji. Siku ya saba mgongo ulimkaza, akashindwa kuinuka. Kamati ilikuwa imeiona kazi yake, ikaniandikia zamu ya Alhamisi mchana kabla siku thelathini hazijaisha. Siku mbili zikabaki kwenye jina lake.

Nilimwendea, nikampa shikamoo, nikamwomba nizimalize mimi.

"Marahaba, mwanangu. Maji ni yako. Hizo mbili ni zangu, usiziguse."

Mboga yetu ya chainizi sasa inafika sokoni kila wiki. Yeye bado anatembelea fimbo. Kila kamati inapokutana, yeye huuliza kama siku zake mbili bado zipo, na kila mara hujibiwa kwamba zipo.