Mashujaa wa Barazani kwa Mwalimu

Juzi nilikuwa gulioni Kibiti, natafuta sufuria, nikasimama mbele ya kijana aliyetandaza vitabu vya mitumba juu ya turubai. Kimoja kilikuwa kinene kama tofali, na jaladani watu wenye nguo za kubana walisimama bega kwa bega. "Dada, hizo ni katuni zote za hilo kundi, toka ya kwanza hadi ya mwisho, zimeshonwa pamoja," akanieleza. "Humalizi leo wala kesho." Nilikishika, nikakinusa, nikakirudisha. Hata sufuria sikununua tena. Wewe tumejuana siku nyingi, lakini habari hii sijawahi kukusimulia.

Nilikulia Salale, kijiji cha delta usichokifikia ila kwa boti, kwa bibi mzaa mama. Asubuhi maji yakipwa harufu ya matope ya mikokoni iliingia hadi chumbani, tukaamka nayo. Kazi zetu watoto zilikuwa kuanika kamba, kukuna nazi, na msimu wa mpunga kukaa juu ya dungu la miti shambani tukipiga makopo kufukuza ndege. Wali mpya wa bibi, na kamba waliopikwa kwa nazi, bado naweza kuusikia mdomoni nikifumba macho.

Mwalimu aliletwa na boti, ametapika njia nzima. Alitoka bara, alikuwa kijana bado, na maji aliyaogopa hata yalipomfika vifundoni. Mumewe alifanya kazi mkoa mwingine. Katika mizigo ya mwalimu, ndani ya mifuko ya plastiki iliyofungwa mmoja juu ya mwingine, kulikuwa na kitabu kama kile cha gulioni, alichopewa na kaka yake: hadithi nyingi za picha za kundi moja la mashujaa, zimekusanywa pamoja.

Kilikuwa cha Kiingereza, kwa hiyo alitusomea kwa Kiswahili chake cha bara. Ilikuwa baada ya shule, kabla hatujaenda chuoni kusoma Kurani. Tulikaa barazani kwake tukimenya kamba, yeye akifungua ukurasa na kutuonyesha picha kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Mashujaa aliwapa majina ya Kiswahili: Sikio, aliyesikia kilio cha mtu kutoka mbali, Pumzi, aliyezima moto kwa kupuliza, Nguvu, aliyeinua nyumba. Tulikuwa wasichana watano, kila mmoja na shujaa wake. Mimi nilikuwa Nguvu kwa sababu ya mabega yangu. Mtoto wa jirani, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, alikuwa Sikio.

Bibi alipita siku moja akachungulia. "Watu wazima wazima, chupi juu ya suruali," akasema, "ndio hao wa kuokoa watu?" Mwalimu alicheka mpaka akashika tumbo. Tumbo lenyewe lilikuwa limeshaanza kuonekana.

Siku moja, mimba imeshakuwa kubwa, alikuwa ubaoni anaandika hesabu. Chaki ilianguka, akainama, hakuinuka. Tulipomfikia tuliona damu sakafuni. Sikio alikimbia kumwita bibi, kwa kuwa wanawake wengi wa pale walijifungulia mikononi mwake. Bibi aliingia, akamgusa tumbo, akatutoa nje. Alipotokea mlangoni uso wake ulikuwa mwingine.

"Huyu apelekwe hospitali Kibiti sasa hivi. Mimi hapa nimefika mwisho."

Mwenye boti alitazama mtoni. Maji yalikuwa yamekupwa, boti imelala upande juu ya matope, na mkondo ulikuwa mbali. "Bi mkubwa, tusubiri maji yajae. Mashine haiwezi kupita kwenye tope."

"Ukisubiri utabeba maiti," bibi akamjibu.

Wanaume wengi walikuwa kwenye uvuvi. Basi tulioisukuma boti ni wanawake, watoto, na mwenye boti mwenyewe. Mwalimu alilazwa ndani juu ya mkeka, amefunikwa khanga za bibi. Matope yalitufika mapajani, yakanyonya miguu, na kila boti iliposogea kidogo ilizama tena. Nilisikia rafiki yangu akipiga kelele, "Nguvu, sukuma! Nguvu, sukuma!" Hakuna aliyecheka. Nilisukuma mpaka nikaona giza. Kutoka ndani ya boti sauti ya mwalimu ilisema, "Taratibu, wanangu, mtaumia." Ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia.

Tulifika mkondoni. Mashine iliwaka, bibi akapanda naye, nasi tukabaki tumesimama kwenye tope, tukiitazama boti ikikata kona ya mikoko. Tulishangilia, nakwambia. Tuliamini tumemwokoa.

Boti iliporudi kesho yake ilikuwa imeoshwa. Mkeka umekunjwa, khanga zimefuliwa. Bibi alishuka, akatupita akaenda zake nyumbani. Mwalimu hakufika hai hata bandarini, pale tunaposhukia kupanda gari la Kibiti, yeye na mtoto wake.

Mumewe alikuja kuchukua vitu. Kitabu alituachia. "Aliniandikia habari zenu," alisema, akabeba mizigo akaenda botini. Tulijaribu kukisoma barazani pale pale, lakini Kiingereza hatukukijua, na picha bila sauti yake zilikuwa rangi tu. Rafiki yangu alifika kwenye ukurasa ambapo kundi zima linashuka kutoka angani, watu chini wanapunga mikono. "Hawa walikuwa wapi?" akauliza, akakifunga. Mchwa ndio waliokimaliza.

Leo ile baraza haipo, mto umekula ukingo hadi zilipokuwa nyumba za walimu. Bibi naye alishazikwa. Wasichana wale wote tumekua, tukaolewa, na jambo moja hatukuwahi kulizungumza wala kulipanga. Kila mmoja wetu, mimba ilipokuwa kubwa, alifunga nguo zake akahamia Kibiti, akapanga chumba karibu na barabara, akangoja huko uchungu uanze. Mimi nilingoja peke yangu, nasikiliza magari yakipita, na kila lililopita nilishukuru. Watoto wetu wote wamezaliwa mjini, penye lami. Ukiwauliza kwao ni wapi wanasema Kibiti, si Salale, na hakuna anayewakosoa.