Magongo Mlangoni mwa Kanisa

Mwanangu, Jumapili ile ya kanisani Kikwe haijanitoka hata leo. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi na kila kijana wa Meru akataka kupakia ndizi kwenye pikapu kwenda sokoni Tengeru. Mdogo wangu Anaeli alianguka kutoka juu ya mzigo wa namna hiyo, paja likavunjika vipande vitatu.

Daktari hakulipasua paja lote. Alikata kidogo karibu na nyonga, akapitisha chuma kirefu ndani ya mfupa, akakifunga kwa skrubu kupitia matundu madogo. Akatuonya: atembelee magongo, mguu usibebe uzito mpaka picha ionyeshe mfupa umeunga.

Mimi nilivitazama vile vidonda vinne nikacheka. "Anaeli, umepasuliwa au umechanjwa?"

"Kaka, daktari kasema miezi mitatu."

"Daktari ndiye Mungu wako? Jumapili tunatoa shukrani. Utaiendea madhabahu kwa magongo kama ombaomba?"

Mlangoni mwa kanisa nikamnyang'anya magongo. Akatembea, maskini. Akina mama wakapiga vigelegele, nami nikavimba kana kwamba ndimi niliyemponya. Kabla hajafika mbele, alinishika mkono, jasho likimtiririka.

"Kaka, kuna kitu kimekatika."

Zilikuwa skrubu, na chuma kimepinda. Hospitalini daktari aliinua picha dirishani, akauliza nani alimwondolea magongo.

"Mimi. Tulikuwa na imani."

"Usimsingizie Mungu, kijana! Nilikata padogo ili nisiharibu nyama na damu zinazolisha mfupa. Wewe ukaona kidonda kidogo, ukadhani na mvunjiko ni mdogo."

Mara ya pili ilibidi apasue kuanzia nyonga hadi karibu na goti. Anaeli alipona, namshukuru Mungu, ila mguu ulifupika, na kule mlimani kwenye migomba ya baba hakupanda tena. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema kwamba pengine guu lenyewe ni la nduguye.

Anaeli alinisamehe zamani. Mimi bado nina hasira: na ujana wangu, na wale waliopiga vigelegele bila kuuliza. Na ninyi vijana pia! Juzi tu hapo Lemara nimewaona mkimvua mgonjwa mkanda wa shingo ili ushuhuda upendeze kwenye simu. Mnamtukuza nani?

Sikia, mwanangu. Aliyetibiwa amfuate daktari wake mpaka neno la mwisho, hata kama ngozi imekwisha kufunga. Shukrani itolewe kwa magongo, kwa kiti, hata kwa kulala. Mungu haoni haya. Na usitumie mwili wa mwenzio kuionyesha imani yako.

Mungu akulindie viungo vyako, akupe subira ya mfupa uungao pasipo kuonekana na mtu, akuepushe na sifa zinazowaumiza wengine. Amina.